Kabla Hujaandika Rufaa: Kwa Mwenzangu Unayeanza Kliniki ya Dawa

Karibu kazini. Najua umetoka mafunzoni na folda mpya, na ndani yake kuna karatasi ya maswali tisa ya kupima huzuni, PHQ-9, ambayo umeambiwa kila anayeishi na virusi vya ukimwi aulizwe anapoanza dawa, kisha kila mwaka, na tena wingi wa virusi unapokataa kushuka. Mwongozo wa taifa unasema hivyo na unasema sawa. Mimi ni afisa wa kliniki. Nimezunguka kliniki za Eastlands miaka 14, Kayole, Dandora, Kariobangi, na karatasi hiyo nimeijaza hadi naijua kinyumenyume. Ninachotaka kukuandikia ni yale yanayotokea kabla ya swali la kwanza na baada ya jibu la tisa, maana hapo ndipo tunapowapoteza watu.

Anza na jina la kitu chenyewe. Usimwambie mtu "leo tutaangalia afya yako ya akili." Nairobi hii atakuuliza, au atajiuliza moyoni, kama unataka kumpeleka Mathari. Hospitali hiyo ilianza 1910 kama mahali pa kuwafungia walioitwa vichaa, na leo ni hospitali kubwa ya rufaa na ya mafunzo pale Thika Road, lakini jina lake bado ni tusi la watoto uwanjani. Nimefanya kazi na watu wa Mathari, nawaheshimu, na nimewapigia simu usiku wakapokea. Hilo halimsaidii mama aliyeketi mbele yako akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Kamusi zinasema sonona. Sijawahi kumsikia mgonjwa akilitamka neno hilo, hata mara moja. Wanachosema ni "niko na mawazo mingi", "roho inanipiga", "kichwa inakuwa nzito", "mwili imechoka na sijafanya kitu." Hayo ndiyo majina. Yatumie. Kule Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wa benchi la urafiki mtaa wa Mbare mwaka 2006, alijenga juu ya neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na waliokaa kwenye benchi kuwasikiliza watu walikuwa akina bibi wa mtaani. Jaribio lao lilichapishwa 2016 na likaonyesha kwamba watu walipata nafuu ya kweli. Nilipolisoma nilijisemea kwamba sisi neno letu tulikuwa nalo siku zote, mawazo, ila tulikuwa tunaliandika kwenye faili kama malalamiko madogo kisha tunatoa Panadol.

Sasa maswali yenyewe. Kulikuwa na mama mmoja muuza mboga, dawa amezimeza miaka sita bila shida, halafu wingi wa virusi ukapanda ghafla. Nikamsomea karatasi kama ilivyoandikwa. Nilipofika kwenye usingizi akacheka. "Daktari, mimi huamka saa tisa usiku kwenda Marikiti, soko la jumla. Usingizi gani?" Nikaandika 3, alama ya juu kabisa ya swali. Hamu ya chakula? "Nakula nikiwa nayo." Sikujua niandike nini, nikaandika 2. Likaja lile la kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, kama kusoma gazeti au kutazama televisheni. Televisheni iliuzwa mwezi wa tatu, akasema. Mwishoni nikapata 11, namba safi inayojaza kisanduku, na sikuwa nimejua chochote kumhusu yule mama.

Nyuma yangu kulikuwa na sista wa makamo akipanga faili. Hakunisahihisha mbele ya mgonjwa, jambo ambalo namshukuru hadi leo. Alisogea tu na kumuuliza, "Mama, siku hizi chenji inakupotea?"

Yule mama akanyamaza kwa muda. Kisha akasema wiki ile alikuwa amemrudishia mteja chenji ya elfu moja badala ya mia mbili, na hakugundua hadi jioni. "Nasimama na sukuma mkononi nasahau nilikuwa nakata ya nani." Sista akauliza, "Na Jumapili, siku huendi soko, unalala?" Hakulala. Alikuwa anakaa kitandani akisubiri kuche. Ndipo yakatoka yote. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa ameuona mkebe wa dawa, na tangu siku hiyo hali chakula kilichopikwa na mama. Anajipikia mayai kwa jiko la jirani. Mama akautupa ule mkebe, akidhani ukiondoka mtoto atarudi mezani.

Karatasi ni ile ile, maswali ni yale yale, lakini mfano uuchukue kwenye siku ya mtu. Kondakta muulize kama anasahau nani amelipa. Fundi wa mbao muulize kama anapima mara tatu na bado anakata vibaya. Na kwa wenzetu wanaoamka usiku kutafuta riziki, tenganisha usingizi aliounyima mwili kwa kazi na usingizi uliomkataa mwenyewe. Chakula vilevile, kukosa hamu si kukosa unga. Ukichanganya hayo utawapa dawa watu wenye njaa, na utawarudisha nyumbani wagonjwa kwa sababu wanachapa kazi.

Na "niko sawa" si jibu, ni salamu. Mtu akikuambia niko sawa, muitikie, kisha kaa kimya kidogo. Ile kalamu iweke chini. Sijui kwa nini kalamu ikilala mezani watu husema zaidi, lakini husema.

Kuhusu namba sina mengi. Jumla huanzia 0 hadi 27. Chini ya 5 tulia, kati ya 5 na 9 zungumza naye na umuulize tena akirudi, kuanzia 10 kuna kazi ya kufanya, na ukifika 20 hiyo kazi haingoji wiki ijayo. Namba ni ya kukuambia mlango upo. Usiku wa mtu huuoni kwa namba.

Nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo ndilo sababu ya kukuandikia. Alikuwa kijana wa miaka 19 aliyezaliwa na virusi. Mama yake alishafariki, na alikuwa akiishi na shangazi yake Umoja. Alikuwa ametolewa kliniki ya watoto, ambako kila mtu alimjua kwa jina la utani na kulikuwa na meza ya kuchorea, akaletwa kwetu wakubwa ambako huitwa kwa namba ya kadi. Alama zake zilikuwa 16. Nilifanya nilichofundishwa, nikaandika barua ya rufaa kwenda kliniki ya magonjwa ya akili ya hospitali kubwa, siku fulani, saa mbili asubuhi. "Sawa, daktari," akasema. Kwenye ripoti ya mwezi nikatia alama: amechunguzwa, amekutwa na tatizo, amepewa rufaa. Visanduku vitatu, vyote vimejaa. Kwenye mkutano wa takwimu tulipigiwa makofi.

Miezi mitatu baadaye alirudi kuchukua dawa. Alitoa simu anionyeshe tarehe aliyoandikiwa, kifuniko cha nyuma kikachomoka, na ndani yake ilikuwa barua yangu, imekunjwa mara nne, pembe zimelika. Nikamuuliza kama alikwenda. "Nilifika hadi geti, daktari. Nikaona jirani kwa foleni." Akaongeza, kana kwamba anaomba msamaha, kwamba nauli ya kurudi tena hakuwa nayo. Ile barua aliitunza kuliko nilivyomtunza yeye.

Tangu hapo nauita utaratibu ule wa zamani kurusha mpira nje ya uwanja. Kuunganisha huduma si kuwa na vyumba viwili vyenye mshale ukutani. Ni mtu huyo huyo, kiti hicho hicho, siku ile ile aliyokuja kwa dawa zake. Kila mlango unaomwongezea, kila foleni, kila nauli ya matatu mbili, unamwongezea pia sababu ya kutorudi. Kwa hiyo linalowezekana kufanyika mezani kwako lifanyike mezani kwako.

Na mengi yanawezekana. Hukusomea udaktari wa akili, sawa. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano, unaitwa PM+, ulioandikwa makusudi ili uendeshwe na watu wasio wataalamu. Ulijaribiwa hapa hapa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo yake yaliyochapishwa 2017 yalikuwa mazuri. Uganda, profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake waliwafundisha wahudumu wa kawaida kuendesha tiba ya vikundi kwa watu wanaoishi na virusi wenye huzuni ya kiugonjwa, wanaume kwao na wanawake kwao, na ndani ya vikundi wakaingiza pia stadi za kujitafutia kipato. Nalipenda hilo la kipato. Mtu anayedaiwa kodi ya miezi miwili ukimfundisha kupumua tu, atapumua vizuri mlangoni kwa mwenye nyumba.

Mimi hufanya hivi. Asubuhi ukumbi umejaa, usijidanganye kwamba utasikiliza mtu kwa dakika 40. Asubuhi uliza, jua ni nani, mwambie arudi saa nane mchana siku hiyo hiyo au siku ambayo haendi soko. Saa nane ukumbi ni mtupu. Tunaandika matatizo yake yote kwenye karatasi yake yeye, si kwenye faili. Tunachora mstari chini ya yale ambayo hakuna mtu anayeweza kuyatatua, marehemu harudi, na tunachagua moja linaloweza kuguswa kabla ya Ijumaa. Moja tu, na dogo. Yule mama wa mboga alichagua kumpigia dada yake wa Machakos amwombe aje azungumze na binti. Si kuzungumza na binti, hapana, hilo lilikuwa kubwa mno. Kupiga simu tu. Alirudi wiki iliyofuata na kusema alipiga, na dada alikuwa anajua siku nyingi.

Rufaa bado zipo, usinielewe vibaya. Anayesikia sauti, anayezungumza siku tatu bila kulala akigawa pesa, mwenye mpango wa kujidhuru, ambaye umemhudumia wiki sita na hajasogea. Hao wanahitaji mtaalamu. Ila mpeleke mkono kwa mkono. Piga simu kule kwanza, ujue atapokelewa na nani na kwenye chumba kipi, mtafutie mtu wa kumsindikiza, kisha jioni uulize kama alifika. Rufaa ambayo hujaiuliza jioni ni barua ndani ya kifuniko cha simu.

Sasa pombe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tumeharibu. Mzee mmoja wa Huruma, fundi wa viatu, alikuwa analeta mkebe wake umehesabiwa sawasawa, hakuna tembe iliyozidi wala kupungua, na virusi vimejaa. Tulimshuku kila kitu: dawa imezoeleka, mwili haunyonyi, labda anamgawia mtu. Siku moja mshauri rika wetu, kijana anayeishi na virusi mwenyewe, alimwendea kibandani akae naye akishona soli. Mzee akamwambia kwamba miaka mingi nyuma mhudumu alimkanya vikali: ukinywa pombe usimeze dawa, itakuua. Naye ni mtu wa kufuata maagizo. Kwa hiyo siku anazokunywa, na zilikuwa nne au tano kwa wiki tangu afiwe na mkewe, hakumeza, na tembe zilizobaki alizitupa kabla ya kuja kliniki ili asitukasirishe.

Mwambie mtu hivi, kwa maneno haya haya: hata ukinywa, meza. Kisha ndipo muongee juu ya pombe. Yule mzee hakuwa mlevi mkaidi, alikuwa mjane. Tulipomuuliza habari za mkewe, ambazo hakuna aliyekuwa amemuuliza kliniki yote, alizungumza hadi sista akaenda kufunga geti na kurudi.

Ukifika kwenye vidonge vya huzuni, jua mambo machache vizuri kuliko mengi nusunusu. Fluoxetine, kidonge cha huzuni, inakwenda vizuri na TLD, ile tembe moja ya siku ya virusi, yenye dolutegravir ndani yake, ambayo wengi wao wanameza. Mwambie mgonjwa mapema kwamba haifanyi kazi kesho. Itachukua wiki mbili, tatu, nne, na siku za kwanza inaweza kumletea kichefuchefu au wasiwasi zaidi. Asipoambiwa ataiacha siku ya tano na kusema ilimchafua. Kabla ya kumpa, muulize kama amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, bila usingizi, bila breki, kwa maana dawa hiyo inaweza kumrudisha huko. Akipata nafuu asiache, ni miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya kupona. Amitriptyline, kidonge kingine cha huzuni, usimpe ya miezi mitatu mtu mwenye mawazo ya kufa, ikizidi inadhuru moyo. Na mwenye kifafa anayemeza carbamazepine, kumbuka inashusha dolutegravir mwilini. Huyo dolutegravir yake hutolewa mara mbili kwa siku. Nimeona mtu akifokewa kwamba hamezi dawa kumbe ni sisi tuliompa mbili zinazopigana. Dolutegravir nayo huwanyima wengine usingizi. Kabla hujampa mtu jina la ugonjwa, muulize anameza saa ngapi. Wengi tuliwaambia wameze usiku enzi za efavirenz, dawa ya virusi ya zamani iliyokuwa inawaletea ndoto za ajabu, na wakaendelea na mazoea. Hamisha iwe asubuhi, usikie wiki ijayo atasema nini.

Kinyume chake pia kipo, ugonjwa wa mwili unaoonekana kama wazimu, na hiki kinaua. Mwaka wangu wa pili ndugu wawili walimleta kijana wa Gikomba amefungwa kamba mikononi. Walisema amerogwa, ametukana wakwe, amevua nguo barabarani. Karibu tumpeleke moja kwa moja kwenye gari la kumhamisha. Muuguzi aliyempima joto akaniuliza kama nimemshika shingo. Ilikuwa ngumu kama ubao. Hakuwa na wazimu, alikuwa na homa ya uti wa mgongo ya kuvu, kriptokoka, na CD4 yake, hesabu ya askari wa kinga mwilini, ilikuwa chini ya 50. Kila anayeishi na virusi aliyechanganyikiwa ghafla, hasa mwenye CD4 chini ya 200, ana maambukizi kichwani hadi ithibitishwe kwamba hana: kriptokoka, tokso, TB ya ubongo, hata kaswende. Kipimo kwanza, jina baadaye.

Upande wa kinga tunausahau kwa sababu hawa "si wagonjwa". Kenya ilianza kutoa PrEP, vidonge vya kumkinga asiye na virusi, kwa upana 2017, na tangu hapo nimeona wasichana wengi wakichukua mkebe wa kwanza bila kurudi kwa wa pili. Tukisema "wasichana hawa hawana nidhamu" tunajifariji tu. Mmoja aliniambia mkebe unalia kama njuga kwenye mkoba na mpenzi wake anaujua mlio huo, kwa kuwa mama wa huyo mpenzi alikuwa na mkebe kama huo. Alikuwa ameujaza pamba usilie. Tulipozungumza zaidi nikajua kwamba hofu yake haikuwa virusi, alikuwa anapigwa. Nambari 1195 ya waathiriwa wa ukatili alikuwa hajaisikia. Mtu anayeona kesho haipo hawezi kumeza kidonge cha kulinda kesho. Kwa hiyo maswali mawili ya kwanza ya ile karatasi, kukosa raha na kujisikia mnyonge, waulize pia waliokuja kupimwa au kuchukua PrEP. Ni dakika moja. Na ukikutana na wenzetu wa kliniki za magonjwa ya akili, waambie nao waulize mgonjwa wao alipimwa virusi lini mara ya mwisho. Njia hii ni ya pande mbili.

Umekuja wakati mgumu, sitakuficha. Januari 2025 agizo la kusitisha misaada ya Marekani lilipotoka, kliniki niliyokuwa ilipoteza washauri nasaha karibu wote ndani ya wiki chache. Chumba cha ushauri kikawa stoo ya vyandarua. Sasa watu wetu wanapanga foleni moja na wa malaria na wa presha. Kuna faida: hakuna tena mlango ambao ukionekana umeketi mbele yake mtaa wote unajua. Kuna hasara, na ni kubwa: anayekuona ana dakika sita na pengine hajawahi kuiona ile karatasi. Isitoshe, waliotulia tunawapa dawa za miezi mitatu hadi sita. Ni vizuri kwa nauli zao, lakini miezi sita huzuni inakuja, inakaa, inavunja nyumba na kuondoka kabla hujamwona tena. Aliyepata 10 au zaidi mpe tarehe ya karibu hata kama virusi vyake havionekani kabisa kwenye kipimo. Kutokuonekana kwa virusi si kuwa na raha.

Waliobaki, washauri rika na akina mama tunaowaita mentamaza, wanaoishi na virusi na kuwashauri kina mama wenzao, washike kama mboni. Wanajua mitaa, wanajua nani amehama bila kuaga. Lakini nao wana mkebe wao nyumbani, wana mawazo yao, na wanabeba ya wengine kwa posho ambayo wakati mwingine haiji. Ijumaa saa nane tunakaa nusu saa, chai na mandazi, kila mtu anasema kisa kimoja kilichomkaa kooni wiki hiyo. Wewe pia sema. Miezi miwili ya kwanza mimi nilidhani kukaa kimya ndiyo ukomavu, nikawa napiga kelele kwa watoto wangu.

Limebaki swali la tisa, la mawazo kwamba ni afadhali kufa au kujidhuru. Wageni hulipita haraka, wanalisoma kwa sauti ya chini kama wanaomba radhi, wengine wanajaza 0 bila kuuliza. Wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo. Hakutii. Anayelo amekuwa akingoja mtu alitamke, na mara nyingi utaona mabega yakishuka. Uliza ukiwa peke yako naye, si mbele ya shemeji aliyemleta, na jihadhari na zile kuta za ubao, jirani anasikia kila kitu. Akisema ndiyo, usiruke. Muulize kama amepanga, kama kuna kitu nyumbani, nani anaishi naye, ni nani au nini kimemzuia hadi leo. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Usimtishie kwa polisi. Wako waliokuwa wakifanya hivyo, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilikifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Wagonjwa wengi hawajasikia habari hiyo. Waambie. Mwenye mpango asiondoke peke yake. Asiye na mpango mpe dawa za siku chache, mpe 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo, na tafuta naye mtu mmoja wa nyumbani anayemruhusu ajue.

Kisha kesho yake piga simu. Fanya mwenyewe, kabla hujafungua faili ya kwanza. Yule kijana wa Umoja nilianza kumpigia kila Jumanne saa mbili unusu asubuhi, dakika tatu tu, na Jumanne niliyochelewa alinipigia yeye. Mara moja tu alipokea shangazi. Nilisema mimi ni mwalimu wa mpira, nitapiga baadaye, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana mimi na yeye nitakuwa nani. Kubaliana na kila mmoja wao utakuwa nani, andika pembeni ya namba, na usitaje kliniki kabla hujasikia sauti unayoijua.